Teknolojia mpya za moyo: Nani atazivusha Ziwa Mweru?

Kila ifikapo Machi 1, marufuku ya uvuvi ya miezi mitatu inapokwisha upande wa Zambia, mialo ya Nchelenge na Kashikishi huchangamka upya. Wanunuzi wa pale na chisense huteremka kutoka Mansa na miji ya Copperbelt, boti za Kilwa na Pweto hukatiza kutoka upande wa Kongo, na kwenye vibanda vya sokoni hupangwa vitenge na redio zilizosafiri kutoka Kariakoo kupitia Tunduma na Nakonde. (Kilwa inayotajwa hapa ni mji wa Haut-Katanga, si ile ya mkoa wa Lindi.) Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita zipatazo 130, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya maji yake. Kwa wanaoishi kandokando yake, hata hivyo, hilo ni soko moja.

Soko hilo lina karatasi zake. Lori lililotoka Dar es Salaam hubeba Kadi ya Njano, bima ya COMESA inayomlipa aliyegongwa na kugharamia matibabu ya majeruhi hata ajali ikitokea katika nchi ya tatu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye kadi hiyo ikabaki, kwa sababu biashara ya malori yake ingekuwa ngumu bila hiyo. Mzigo wa mfanyabiashara mdogo nao umetengenezewa utaratibu uliorahisishwa wa forodha. Asiye na karatasi ni mwenye mzigo mwenyewe. Presha ikimpanda akiwa ng'ambo, bima yake haisomeki, faili lake liko hospitali aliyoiacha nyuma, na dawa aliyozoea kuimeza inauzwa kwa jina jingine.

Kilichobadilika ni kwamba tiba ya moyo na mishipa ya damu imepiga hatua kubwa katika miaka ya karibuni, na sehemu ya hatua hizo sasa inaingia kwenye mkoba. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 19.8 walikufa kwa magonjwa hayo mwaka 2022, na kwamba watu wazima bilioni 1.4 walikuwa na shinikizo la juu la damu mwaka 2024, huku waliofanikiwa kulidhibiti wakiwa zaidi kidogo tu ya mmoja kati ya watano. Mfanyabiashara anayelala kwenye lori, anayekula chakula cha chumvi njiani na anayemeza dawa siku anapokumbuka, yuko katika lile kundi la wanne.

Zilizo kubwa ziko mbali

Teknolojia zinazopamba magazeti ni zile kubwa. Mwezi Aprili 2002, mjini Rouen nchini Ufaransa, daktari Alain Cribier aliingiza valvu mpya ya moyo kwa kuipitisha ndani ya mshipa, bila kupasua kifua cha mgonjwa. Leo upasuaji wa namna hiyo ni jambo la kawaida Ulaya na Marekani. Zipo betri za moyo zisizo na waya, ndogo kama kidonge kikubwa cha vitamini, zinazoachwa ndani ya moyo wenyewe. Upo mrija unaounguza neva zilizo kwenye mishipa ya figo ili kushusha presha sugu, ulioidhinishwa Marekani Novemba 2023.

Zote hizo zinahitaji chumba cha kupitishia mirija kwenye mishipa, ambacho hospitali za Afrika Mashariki hukiita kathlabu, pamoja na madaktari waliosomea kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa mtu wa Nchelenge, chumba kama hicho ndani ya nchi yake kiko Lusaka, kama kilomita 1,000 kwa barabara ya Mansa, Samfya na Serenje. Valvu yenyewe hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Haina maana kumweleza muuza samaki habari hiyo kana kwamba ni huduma inayomsubiri.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kanda hii haina hospitali za moyo. Lusaka ina Hospitali ya Taifa ya Moyo. Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo tangu ianze kujitegemea mwaka 2015 imepunguza sana safari za wagonjwa waliokuwa wakipelekwa India kwa gharama ya serikali, na ambayo hupokea pia wagonjwa kutoka nchi jirani. Zaidi ya hayo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipogawana vituo vya umahiri wa tiba, saratani ilikwenda Uganda, figo ikaenda Kenya, na moyo ukapewa Tanzania, chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Hapo ndipo ramani ya Mweru inapochekesha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022. Kwa hiyo mvuvi wa Kilwa, upande wa magharibi wa ziwa, ni Mwana-Afrika Mashariki kwa mkataba, na kituo cha umahiri wa moyo ni chake. Mvuvi wa Nchelenge, aliyeko upande wa mashariki na anayezungumza naye Kibemba na Kiswahili cha sokoni kila asubuhi, si mwanachama. Yeye ni wa COMESA na SADC. Tanzania iko SADC na Jumuiya lakini haiko COMESA. Kongo iko kote kutatu. Mtu akitaka kuelewa kwa nini huduma haivuki wakati samaki wanavuka, aanze kwa kuzihesabu jumuiya hizo.

Kidonge kimoja badala ya vitatu

Teknolojia yenye uwezo wa kuokoa watu wengi zaidi pale mwaloni haina mtambo wala umeme. Ni kidonge cha mchanganyiko: dawa mbili au tatu za presha zilizopimwa kwa uwiano na kukandamizwa pamoja.

Wazo ni rahisi. Wagonjwa wengi wa presha hawadhibitiwi na dawa moja. Daktari huanza na ya kwanza, humwita mgonjwa baada ya mwezi, huongeza kipimo, humwita tena, huongeza ya pili. Utaratibu huo unamfaa mtu anayeishi mtaa mmoja na kliniki yake. Kwa mama anayenunua chisense Nchelenge Jumatatu, anayeuza Kasumbalesa Ijumaa, na ambaye mwezi ujao huenda akawa Mbala, mwito wa kurudi baada ya wiki nne ni kama kumwambia asirudi. Kidonge cha mchanganyiko huanza na nguvu inayotosha tangu siku ya kwanza, kwa dozi ndogo ndogo za kila dawa, hivyo madhara yake hupungua na safari za kliniki hupungua pia.

Ushahidi wake unatoka Afrika, jambo lisilo la kawaida katika tiba ya moyo. Utafiti ulioitwa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 katika nchi sita, Kenya, Uganda na Msumbiji zikiwamo. Ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Waafrika, mchanganyiko wenye amlodipini hushusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo, ingawa dawa zote zilizolinganishwa zilikuwa za zamani na zinazojulikana. Mwaka 2024 ulifuata utafiti wa VERONICA nchini Nigeria, uliojaribu kidonge chenye dawa tatu kwa dozi ndogo kwa watu 300. Baada ya mwezi mmoja tu, asilimia 81 ya waliokimeza presha yao ilikuwa imefika kiwango kinachotakiwa, dhidi ya asilimia 55 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kidonge cha aina hiyo. Yaani safari hii dawa ilithibitishwa Abuja kabla ya kuuzwa Boston.

WHO iliweka vidonge vya dawa mbili za presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mwaka 2023 ikaongeza vile vinavyochanganya dawa ya presha na ya mafuta ya damu, baadhi vikiwa na aspirini, kwa watu walio kwenye hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi. Orodha ya WHO haiwalazimishi wanunuzi wa serikali, lakini ndiyo wanayoifungua wanapoandika zabuni.

Sasa kidonge hicho kipandishwe boti. Upande wa Zambia maelezo ya dawa yameandikwa kwa Kiingereza na yamesajiliwa na ZAMRA. Ng'ambo maelezo ni ya Kifaransa. Kidonge kilekile cha amlodipini hubeba majina ya biashara tofauti kwa kila kiwanda, na mgonjwa aliyezoea rangi ya boksi badala ya jina la dawa huishia kununua kitu kingine kabisa, au kumeza dawa ileile mara mbili kwa majina mawili. Yote mawili ni hatari: presha inayorudi ghafla hupasua mishipa ya kichwa, na inayoshushwa kupita kiasi humwangusha mtu akiwa na gunia kichwani.

Hatari ya tatu inawagusa wafanyabiashara moja kwa moja, kwa sababu baadhi yao ndio wanaoibeba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya dawa za moyo kutoka nchi kumi za Afrika, Kongo ya Kinshasa ikiwamo, na kuzipima maabara. Kati ya sampuli 1,530, asilimia 16.3 hazikuwa na ubora unaotakiwa. Kwa amlodipini peke yake ilikuwa asilimia 29. Si zote zilikuwa bandia. Nyingine huwa zimetengenezwa vibaya, na nyingine huharibiwa na joto na unyevu zikiwa njiani au juani. Anayeweka katoni ya dawa juu ya paa la basi kutoka Tunduma hadi Mansa anaweza kuwa mtu mwema asiye na nia ya kudanganya, na bado kilichofika kikawa chaki.

Kuna mlango uliokwisha kufunguliwa. Tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia zilianza kukagua maombi ya usajili wa dawa kwa pamoja, kwa mpango wa ZAZIBONA, na baadaye nchi nyingine za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo, zikajiunga. Mamlaka ya Tanzania, TMDA, ilitambuliwa na WHO mwaka 2018 kuwa imefikia daraja la tatu la ubora. Kwa hiyo ukaguzi wa pamoja upo. Kilichobaki ni hatua isiyohitaji sayansi yoyote: kidonge kilichokaguliwa kwa pamoja kiuzwe pande zote za ziwa kwa jina lake la dawa lililoandikwa kwa herufi kubwa, na maelezo yake yawe pia kwa Kiswahili na Kibemba. Viwanda vinavyouza sabuni katika kanda hii viliweza zamani kuandika lugha tatu kwenye karatasi moja.

Altrasaundi mfukoni

Nchelenge inajulikana sana kwa wanasayansi, lakini si kwa moyo. Ni mojawapo ya maeneo yenye malaria kali zaidi Zambia, na watafiti wa kimataifa wamekuwa wakiifuatilia huko kwa miaka mingi. Sifa hiyo ina gharama yake. Mahali ambapo homa huhesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, mtoto mwenye homa na maumivu ya viungo baada ya koo kuuma anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya malaria huku valvu za moyo wake zikianza kuharibika. Huo ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatizimu. Hupenda nyumba zenye msongamano, na kambi za wavuvi zina msongamano. Aliyeupata akiwa na miaka kumi huugundua akiwa na miaka 25, mara nyingi ni mwanamke na mara nyingi ni wakati wa ujauzito, pumzi inapoanza kumwishia.

Mpaka juzi, kuuona ugonjwa huo mapema kulihitaji mashine ya altrasaundi ya ukubwa wa kabati na daktari bingwa wa kuitumia. Leo kipima chenyewe kinatosha kiganjani na huchomekwa kwenye simu. Programu za akili mnemba humwelekeza muuguzi asogeze mkono kushoto au kulia mpaka picha ya moyo itokee sawasawa. Ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Nchini Nigeria, stetoskopu yenye akili mnemba ilijaribiwa kwa wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni, wapatao 1,200, na ikagundua moyo uliodhoofika mara mbili zaidi ya uchunguzi wa kawaida: asilimia 4.1 dhidi ya asilimia 2.

Rwanda haikusubiri akili mnemba. Tangu katikati ya miaka ya 2000, wizara yake ya afya pamoja na shirika la Partners In Health iliwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kupima moyo kwa altrasaundi na kutibu kwa mwongozo rahisi. Kutokana na mfano huo ulizaliwa mpango unaoitwa PEN-Plus, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliupitisha mjini Lomé Agosti 2022 ili tiba ya magonjwa sugu makali ishuke hadi hospitali za wilaya. Kashikishi ina Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, hospitali ya aina hasa ambayo mpango huo uliikusudia.

Baada ya kuugundua, dawa gani? Jibu linawavunja moyo wapenda vitu vipya. Uganda ilichukua watoto na vijana 818 ambao altrasaundi ilionyesha valvu zao zimeanza kuguswa lakini hawajaugua. Nusu walidungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Waliozidiwa katika kundi hilo walikuwa watatu, sawa na asilimia 0.8. Katika kundi lisilodungwa walikuwa 33, sawa na asilimia 8.2. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, na dawa iliyoyaleta imetumika tangu katikati ya karne iliyopita. Mwaka uliofuata utafiti mwingine mkubwa, INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 zikiwamo za Afrika, ulilinganisha dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, na zile za kizamani za jamii ya wafarini, kwa wagonjwa wa rumatizimu wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Za kizamani zilishinda, hata kwa idadi ya waliobaki hai.

Hapo kipya kilikuwa macho, na dawa ikabaki ileile. Lakini sindano ya kila mwezi ina adui mmoja anayefahamika vizuri Mweru, nayo ni safari. Uvuvi ukifungwa familia huhamia mashambani, ukifunguliwa hurudi ziwani, na samaki wakipungua upande mmoja kambi huenda ng'ambo. Mtoto aliyedungwa Januari Nchelenge, Machi anaweza kuwa Pweto, mahali ambapo hakuna anayejua kuwa ana sindano anayoidai.

Dawa hiyo ya ukosefu wa kumbukumbu ilikwisha kutengenezwa, tena kwa ajili ya watu wa barabarani. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, liliweka kliniki ndani ya makontena kwenye vituo vya malori, kama Mlolongo nchini Kenya, na kuziunganisha kwa mfumo mmoja wa kompyuta, ili dereva aliyeanza matibabu kituo kimoja aendelee nayo kituo kingine hata akishavuka mpaka. Ilianza kwa sababu ya VVU. Presha haidai mfumo tofauti. Inadai mashine ya kupima mkono na nafasi moja zaidi kwenye faili lilelile.

Saa nne na nusu

Kuna jambo moja ambalo mwambao huu hauwezi kulitatua kwa kidonge. Mtu akipata kiharusi cha damu kuganda kichwani, dawa ya kuyeyusha donge hufanya kazi ikitolewa ndani ya saa nne na nusu hivi. Dawa ya zamani iliingizwa kwa dripu kwa saa nzima. Mpya, tenekteplase, hutolewa kwa sindano moja ya sekunde chache, na Marekani iliiidhinisha kwa kiharusi Machi 2025. Kwa hospitali yenye wauguzi wachache, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini kabla ya sindano lazima ipigwe picha ya CT, kwa sababu kiharusi cha mshipa uliopasuka hufanana kabisa na cha donge, na dawa ya kuyeyusha damu ikimwingia mgonjwa wa aina hiyo humuua. Kutoka Nchelenge hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Kisiwa cha Kilwa, kilicho ndani ya ziwa na ni sehemu ya Zambia, inaanza safari ya boti. Ukiondoa muda wa kumtafuta mwenye injini na mafuta, hesabu imekwisha kabla mgonjwa hajafika lami.

Droni hazibadilishi hesabu hiyo kwa kiharusi. Mwaka 2018 zilijaribiwa Ziwa Victoria, kilomita 60 kutoka Mwanza hadi Ukerewe kwa dakika zipatazo 40, zikibeba dawa. Rwanda imezitumia kupeleka damu hospitalini tangu 2016. Zingefaa sana visiwa vya Mweru kwa penisilini, kwa vidonge na kwa sampuli za maabara, ila haziwezi kumbeba mgonjwa wala mashine ya CT. Ndiyo maana kwa mkoa wa Luapula fedha inayowekwa kwenye kudhibiti presha huokoa zaidi kuliko ile inayowekwa kwenye kukimbizana na kiharusi kilichokwisha kutokea.

Chumvi ni bidhaa

Katika orodha yote, ipo teknolojia moja ambayo wafanyabiashara hawahitaji kuingojea serikali. Nayo ni chumvi.

Nchini China, utafiti uliofanyika katika vijiji 600 na kuwahusisha watu karibu 21,000 ulibadilisha chumvi ya jikoni. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya miaka kama mitano viharusi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14, na vifo navyo vilipungua. Matokeo yalitolewa mwaka 2021, na Januari 2025 WHO ikatoa mwongozo wa kupendekeza chumvi za aina hiyo kwa watu wazima. Una tahadhari yake: mwenye ugonjwa wa figo, wajawazito na watoto hawamo kwenye pendekezo hilo.

Chumvi si ngeni kwa biashara ya eneo hili. Ufalme wa Kazembe, kusini tu mwa ziwa, ulisimama kwenye njia za chumvi, shaba na pembe, na Livingstone alipofika huko mwishoni mwa 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara kutoka upande wa pwani, akiishi huko tangu zamani. Leo chumvi ni ya kiwandani na huvuka mipaka kwa magunia. Ikiwa wanunuzi wa jumla wa Tunduma na Kasumbalesa wataanza kuuliza chumvi yenye sodiamu pungufu, viwanda vya pwani vitasikia. Kikwazo ni bei, kwa kuwa potasiamu ni ghali kuliko chumvi ya bahari. Serikali zinaweza kuliondoa tatizo hilo kwa kodi, kama zilivyowahi kulazimisha madini joto yawekwe kwenye chumvi bila soko kufa.

Nani alipe?

Zambia ina bima ya afya ya taifa, NHIMA, kwa sheria ya mwaka 2018. Mfanyakazi hukatwa asilimia moja ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia moja, na wasioajiriwa nao wanaruhusiwa kujiunga. Mfanyabiashara wa Nchelenge mwenye kadi hiyo ana njia ya kufika Lusaka. Kenya ilianza mfumo wake mpya wa SHA Oktoba 2024, na Tanzania ilitunga sheria ya bima kwa wote mwaka 2023. Mifumo hiyo yote ina kasoro moja inayofanana: kila mmoja ulichorwa kana kwamba mwanachama wake halali nje ya nchi.

SADC ina itifaki ya afya iliyosainiwa mwaka 1999, inayozitaka nchi zishirikiane pia katika magonjwa yasiyoambukiza. Zambia, Kongo na Tanzania zote zimo. Kwa kuwa SADC ndiyo jumuiya ambayo Zambia na Tanzania wanakutana ndani yake pamoja na Kongo, hapo ndipo mahali pa kuanzia, kabla ya kusubiri Zambia iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki au Tanzania irudi COMESA. Si lazima mapatano ya kwanza yaguse upasuaji. Kulipana kwa vidonge vya presha na sindano za penisilini kati ya hospitali za mipakani ni gharama ndogo kuliko kitanda kimoja cha mgonjwa aliyepooza. Kadi ya Njano nayo ilianza na jambo moja, gari.

Suala hili litazidi kuwa zito. Mradi wa barabara ya kulipia ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja lake juu ya mto Luapula, unakusudiwa kufupisha safari ya malori kati ya migodi ya Katanga na bandari ya Dar es Salaam. Barabara hiyo itawaleta madereva wengi zaidi mkoani Luapula, watu wanaokaa vitini kwa saa nyingi na kula usiku. Wanaochora kituo cha mpaka cha pamoja bado wanaweza kutenga chumba chenye mashine ya presha na muuguzi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye presha anayevuka Mweru wiki hii ana kazi ya dakika mbili. Amwombe mfamasia amwandikie jina la dawa yenyewe, si jina la boksi, pamoja na miligramu na mara za kumeza kwa siku, kisha karatasi hiyo aipige picha kwa simu pamoja na kipimo chake cha mwisho cha presha. Mfamasia wa Kilwa asiyesoma Kiingereza atalisoma neno amlodipini, kwa sababu Kifaransa kinaliandika vilevile.